Hisa ya Kidole

Wakili wa New York alibisha hodi kwangu siku ya Jumatano, saa tano asubuhi, wakati kuku wangu wa matonge laini ya unga amefika pale pa kutaka kusimamiwa. Matonge yale ukiyaacha dakika tatu yanakuwa gundi. Naanza na habari hii kwa sababu baadaye mahakamani niliulizwa kila kitu kuhusu asubuhi ile, mpaka rangi ya gari lake, lakini hakuna aliyeniuliza habari ya sufuria yangu, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

"Wewe ndiye Bi. Thelma Wharton?"

"Inategemea unauza nini."

"Siuzi kitu, mama. Nimekuja kuomba."

"Basi umetumwa na lile kanisa jipya la barabarani. Sisi hapa ni Wamethodisti, mwanangu, tumeshaokoka kiasi cha kututosha."

Akajitaja: Desmond Achterberg, wakili wa Harrow Lane. Hao Harrow Lane ni kundi la matajiri ambao kazi yao ni kununua kampuni za watu wasiotaka kuuza. Alikuwa mrefu mpaka akainama mlangoni, na jasho lilikuwa linamtoka ingawa ulikuwa mwezi wa pili na theluji bado iko uani. Akaniuliza kama ni kweli nina hisa moja ya Kampuni ya Kuku ya Burbage. Nikamwonyesha kwa mwiko. Ilikuwa ukutani, juu ya friza, ndani ya fremu yake, na picha ya jogoo juu na sahihi ya Mzee Burbage chini.

Akaitazama ile karatasi kama mtu aliyeona maji baada ya safari ndefu. Kisha akaomba kiti.

Nieleze kidogo. Kiwanda cha Burbage kiko maili sita kutoka kwangu, na watu wa sehemu hii ya Delaware, ama wamefanya kazi pale, ama wameoana na aliyefanya. Mimi nilikuwa kwenye mstari wa kutoa matumbo. Mzee Burbage, baba wa huyu wa sasa, alikuwa na desturi yake. Mfanyakazi akikatwa kidole na mashine, Mzee hakutaka kusikia habari za fidia wala madai. Alikuja mwenyewe nyumbani kwako, amevaa tai, na mikononi ana kuku wa Krismasi, hata kama ni Agosti, pamoja na hisa moja ya kampuni ndani ya fremu. Kidole kimoja, hisa moja. Marehemu Lemuel Dukes alikuwa na hisa tatu, na tulikuwa tunamwita tajiri.

Mimi nilitoa kidole cha pete, mkono wa kushoto, tarehe kumi na moja Agosti mwaka 1987. Nilikuwa na miaka ishirini na sita.

Achterberg akanieleza shida yao, na nikamfanya aieleze mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilidhani ananitania. Harrow Lane walikuwa wameshanunua mamilioni ya hisa za Burbage. Trip Burbage, mtoto wa Mzee, aliapa kuwa hatawauzia hata manyoya. Basi wakataka kuiondoa bodi yake na kuweka watu wao, na njia ya kufanya hivyo ni barua ya kupendekeza majina. Lakini kanuni za kampuni zinasema barua hiyo lazima itiwe sahihi na mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la kampuni lenyewe. Na zile hisa zao zote, kwa jinsi mambo yanavyofanywa siku hizi, zimeandikwa jina la ofisi moja huko New York inayotunza makaratasi ya dunia nzima. Kwenye daftari la Burbage, Harrow Lane hawakuwamo. Kuandikishwa kungechukua wiki, na mwisho wa kupokea barua ulikuwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.

"Mna mawakili wangapi?" nikamwuliza.

"Kwenye kesi hii? Thelathini na wanne."

"Na wote thelathini na wanne wamesahau?"

"Kila mmoja alidhani mwenzake amefanya."

Wakaenda kulisoma daftari. Ukiitoa familia ya Burbage, majina yaliyobaki yalikuwa ishirini na matatu, yote ya watu wa hapa, na hawakuelewa ni watu gani. Mimi ningewaambia bure. Ilikuwa orodha ya waliopungukiwa na vidole. Kumi na tisa walishakufa. Wawili wako nyumba ya wazee na hawajui leo ni siku gani. Wa tatu ni Alton Pusey, aliyekuwa nyapara wetu, ambaye angekula kiatu chake kabla ya kumsaliti Burbage. Nikabaki mimi.

"Tutakulipa vizuri sana," akasema.

"Weka pesa zako. Kuna karatasi nyingine nataka."

Na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Siku niliyokatwa, Alton Pusey aliandika ripoti, akaibandika ukutani penye chumba cha chai, kama ilivyokuwa kawaida, ili wengine wajifunze. Iliandikwa hivi: "Kidole kimepotea kwa uzembe wa mfanyakazi, ambaye alikuwa akicheka." Ilikaa pale ukutani mwaka mzima. Sikuwa nacheka. Mashine namba nne haikuwa na kinga, mnyororo uliruka, nami mkono wangu ulikuwa pale ulipotakiwa kuwa. Hata pete nilikuwa nimeivua na kuibana ndani ya gauni kwa pini, kama kanuni inavyotaka. Mzembe gani anavua pete? Lakini ilishaandikwa. Kanisani waliniita Thelma Kicheko. Mama yangu aliishi miaka kumi na miwili baada ya hapo, na kila nilipokaa kwake kumenya viazi alisema, kwa upole, "Weka akili kwenye kisu, mwanangu." Alikufa anaamini nilikipoteza kidole changu kwa upuuzi. Hilo limenichoma kuliko mnyororo.

"Nataka isemwe kwamba si kweli," nikamwambia Achterberg. "Isemwe mahali ambapo inaandikwa."

"Mama, ukitia sahihi hapa, Burbage watatushtaki kesho. Utapelekwa mahakamani na utaapishwa. Huko kila neno linaandikwa."

Nikatia sahihi. Matonge yalikuwa yameshaganda, nikampa sahani moja, akala yote. Nadhani hakuwa amekula tangu walipogundua.

Barua ikafika kiwandani Ijumaa, saa kumi na dakika arobaini. Jumatatu tukashtakiwa.

Nilitarajia waseme sahihi yangu ni ya kughushi, au akili zangu zimelegea. Wakaja na kitu kingine kabisa. Wakili wao alikuwa Corinne Vandegrift wa Wilmington, mwanamke nadhifu, sauti ya chini, asiyerudia neno. Alisema hisa yangu si hisa. Kwa sheria ya wakati ule, hisa ilitolewa kwa mambo matatu tu: pesa, kazi iliyokwisha kufanywa, au mali ambayo kampuni imeipokea. Mimi sikulipa kitu, basi nilipewa karatasi tu, zawadi ya mwajiri mwenye huruma. Isitoshe, hakuna kikao cha bodi kilichowahi kuiidhinisha. Karatasi si hisa, mimi si mwanahisa, barua si barua, na Harrow Lane warudi kwao.

Achterberg akajibu kwa kurasa tisini kwamba nililipa, na nilicholipa ni kidole.

Basi kampuni yenye thamani ambayo siwezi hata kuitamka, mawakili sitini wa pande mbili, na hoteli zote za Georgetown, mji wetu wa mahakama, zimejaa mpaka watu wanalala kwenye nyumba za kupanga za ufukweni wakati wa baridi, na swali lililowaleta wote ni kama kidole changu kilikuwa mali. Kesi kama hizi hapa kwetu hazina baraza la wazee wa mahakama. Jaji anaamua peke yake, na wetu alikuwa Naibu Chansela Prettyman, kama majaji wa mahakama hiyo wanavyoitwa, mwanamke wa hapahapa wilayani Sussex, ambaye baba yake alikuwa akifuga kuku. Alipoingia aliitazama mikono yangu kwanza, kabla ya uso, na nikajua huyu anajua.

Bi. Vandegrift alinihoji yeye mwenyewe.

"Bi. Wharton, siku ulipopewa cheti hiki, ulimpa Mzee Burbage pesa?"

"Hapana."

"Ulimpa mali yoyote?"

Nikainua mkono wa kushoto. "Nilikuwa nimeshampa."

"Ulimkabidhi?"

"Kilidondoka kwenye pipa la kampuni, likaondoka na gari la kampuni. Mimi nilirudi nyumbani sinacho. Kama huko si kukabidhi, nifundishe wewe."

"Lakini hukukusudia kukitoa."

"Ungekuwa wewe ungekusudia, dada?"

Naibu Chansela akamwambia mwandishi wa mahakama aandike kuwa shahidi ameinua mkono. Kisha mtaalamu wa Burbage, profesa mwenye ndevu, akapanda na kueleza kwa saa mbili kuwa kidole kikiwa mwilini si mali, na kikishatoka ni taka. Mtaalamu wa Harrow Lane, profesa asiye na ndevu, akaeleza kwa saa mbili na nusu kuwa kuna nukta katikati, kikiwa kinaanguka, ambapo ni mali kabisa. Walikuwa wanaonyesha kwa mchoro. Mimi niliukaza moyo wangu, nikala biskuti niliyoificha kwenye mkoba.

Mchana wakamwita Alton Pusey. Kampuni ilimhitaji aseme kuwa nilikuwa mzembe, ili kidole kionekane kimepotea, hakikutolewa. Alipanda taratibu, ana miaka themanini na mmoja, amevaa kofia ya kampuni mpaka akaambiwa aivue. Hatukuwa tumesemezana tangu mwaka 1987. Hata dukani nilikuwa nikigeuza kigari changu.

"Alikuwa anacheka," akasema. "Niliandika nilichokiona."

Achterberg akasimama.

"Mzee Pusey, ulikuwa umbali gani?"

"Hatua ishirini hivi."

"Ulimwona akicheka?"

"Nilimwona meno."

"Mtu anayekatwa kidole huonyesha meno, au siyo?"

Alton akafikiri. "Inaweza kuwa."

"Hebu ionyeshe mahakama mkono wako wa kulia."

Alton akauinua. Kidole cha shahada hakipo.

"Mashine ipi?"

"Namba nne."

"Lini?"

"Wiki tatu baada yake yeye."

"Ulikuwa unacheka?"

"Mimi huwa sicheki."

"Ripoti ya ajali yako aliandika nani?"

"Nyapara."

"Nyapara alikuwa nani?"

"Mimi."

"Uliandika sababu gani?"

Alton akaitazama kofia iliyo magotini. "Hitilafu ya mashine," akasema.

Mahakama nzima ikacheka, mawakili wa pande zote mbili, hata askari wa mlangoni. Naibu Chansela akainama kutafuta kalamu ambayo haikuwa imeanguka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama Alton, masikio yake yamekuwa mekundu, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nilimwonea huruma kidogo, kisha nikakasirika kwa sababu ya kumwonea huruma.

Lakini kesi haikuwa imeisha, kwani bado kulikuwa na suala la kikao. Bi. Vandegrift alisimama na kusema hata kidole kiwe almasi, bila idhini ya bodi iliyoandikwa hakuna hisa, na mihtasari ya vikao vya mwaka 1987 haipo.

"Ipo," Achterberg akasema.

Nitaeleza ilivyotokea. Mawakili wa pande mbili wakigombana hudaiana makaratasi, na desturi yao ni kumletea mwenzako makaratasi mengi kiasi kwamba azame. Burbage walikuwa wameleta masanduku mia mbili na kumi, kwa lori, na ndani yake kila kitu kilichowahi kuandikwa kiwandani, mapishi ya chakula cha vifaranga na bili za barafu. Hawakuyasoma. Walidhani na wengine hawatasoma. Harrow Lane, kwa vile walikuwa na mawakili thelathini na wanne wenye aibu ya kusahau jambo moja, walisoma yote. Muhtasari ulikuwa sanduku la mia moja na tisini, kati ya risiti za mahindi.

"Mheshimiwa, karatasi hiyo hatujawahi kuiona," Bi. Vandegrift akasema, na sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza.

"Imetoka kwenu," Naibu Chansela akamjibu. "Ina muhuri wa ofisi yako hapa chini. Bw. Achterberg, isome."

Akaisoma. "Bodi, ikiwa inajua tangu tarehe tisa Machi kwamba mashine namba nne haina kinga, na ikiwa iliahirisha kununua kinga hadi msimu wa sikukuu upite, inaidhinisha kumpa Thelma Wharton hisa moja, badala ya kidole, ili asidai. Wote wamekubali."

Nakumbuka mashine ya kupashia chumba joto ilikuwa inagonga ukutani. Trip Burbage, aliyekuwa mstari wa mbele, aliangalia saa yake. Achterberg alikuwa anatabasamu kwa sababu ameshinda, na Bi. Vandegrift alikuwa anaandika haraka kwa sababu ameshindwa. Hakuna hata mmoja wao aliyesikia kilichosomwa. Walisikia "inaidhinisha", wakasikia "wote wamekubali", basi.

Nikasimama pale nilipokuwa nimekaa, jambo ambalo haliruhusiwi.

"Mheshimiwa, naomba isomwe tena."

"Bi. Wharton, imeshaingia kwenye kumbukumbu," Achterberg akaninong'oneza, akinivuta mkono wa koti.

"Wewe nyamaza, nimekulisha."

Naibu Chansela akaichukua ile karatasi akaisoma mwenyewe, polepole, na alipofika kwenye jina langu alinitazama. Kisha akamgeukia mwandishi wa mahakama. "Andika kwamba mahakama imeisoma mara mbili." Nikakaa. Nikalia, tena si kwa heshima, nilikohoa na kutoa makamasi, na mtu aliyenipa leso alikuwa Alton Pusey.

Hukumu ilitolewa kesho yake. Naibu Chansela alisema hakuhitaji maprofesa. Kidole kilikuwa kimeifanyia kampuni kazi miaka sita, na siku ya mwisho kampuni ikakichukua, na bodi yenyewe iliandika kuwa ndicho ilichokilipia. Malipo yalikuwa halali. Hisa ni hisa, na barua yangu ilifika kwa wakati.

Baada ya dakika kumi na tano Trip Burbage na wakubwa wa Harrow Lane walipeana mikono karibu na mashine ya soda. Harrow Lane wanainunua kampuni yote, Trip anabaki kuwa mkubwa na anapewa cheo kirefu zaidi, na yale majina niliyoyatilia sahihi hakuna aliyeyataka tena. Achterberg alinipita mbio, simu sikioni, akanipungia.

Alton alikuwa ananisubiri nje kwenye ngazi, kofia mkononi.

"Thelma, nilikuwa na watoto wanne."

"Nami nilikuwa na mama," nikamwambia.

"Najua." Akaizungusha kofia. "Alinisalimia kila Jumapili, maskini. Alisema anashukuru sikukufukuza kazi."

Sina hakika mpaka leo kama nimemsamehe. Lakini dukani sigeuzi tena kigari.

Nililipia nakala ya ule ukurasa wa mahakama, wa mia mbili na kumi na mbili, nikaupeleka makaburini Gumboro. Nilisimama kwenye theluji nikamsomea mama kwa sauti, mara mbili, kama ilivyoandikwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiweka maua kaburi la jirani alisogea mbali kidogo.

Wiki iliyopita nimepata barua ya Harrow Lane. Sasa wanataka hisa zote zikusanywe, hata yangu, na nirudishe cheti kwa bahasha waliyoitia ndani. Nimewajibu kwa mwandiko wangu kwamba, kwa hukumu ya mahakama, cheti hicho tulibadilishana na kidole. Wao wakileta kidole, mimi nitaleta cheti. Niko nyumbani kila siku isipokuwa Jumapili asubuhi.

Nilidhani watanipuuza. Lakini ile ni ofisi ya mawakili thelathini na wanne, kila mmoja anaogopa kuwa yule aliyesahau. Jana imekuja fomu, ya kurasa nne, ya kudai mali iliyoko mikononi mwa kampuni. Wameomba niijaze kikamilifu ili waanze kutafuta.

Nimeijaza asubuhi hii, mezani, chini ya ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili ambao sasa nao una fremu. Jina la mwenye mali. Tarehe ilipochukuliwa. Mahali ilipoonekana mara ya mwisho. Pale penye hali ya mali wakati inachukuliwa, waliacha mistari mitatu, lakini mmoja umenitosha. Nimeandika: kilikuwa kazini.